Shada la mlangoni la majani ya Oktoba: mwongozo kamili wa kulitengeneza lisisinyae

Kila Oktoba, Waswahili wengi walioko Marekani na Kanada hujaribu shada la majani yaliyogeuka rangi, na wengi huishia pabaya pale pale. Siku tatu linapendeza. Siku ya nne majani yameanza kujikunja. Wiki ikiisha, mlangoni umebaki waya na chini pamejaa vumbi la majani.

Kosa hutokea kabla shada halijatundikwa. Majani yalikuwa bado na maji ndani, hayakuzibwa, halafu yakabandikwa kwa gundi ya moto ambayo haishiki kitu chenye nta wala mafuta. Hapa tunayaziba majani kwanza kwa nta au gliserini, kisha tunayashona kwenye pete iliyoviringishwa kanga kuukuu. Uzi na sindano ndiyo siri ya kazi hii. Gundi iache kabisa.

Likitengenezwa katikati ya Oktoba, shada hili hufika salama sikukuu ya Thanksgiving ya Marekani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Kazi inataka wikendi mbili, kwa sababu katikati kuna siku za kungoja.

## Vitu vya kuandaa

Kwa pete:

- Hanga 2 za waya, zile za dobi, na koleo la kukatia waya
- Kanga (leso) 1 iliyochakaa
- Fulana kuukuu 1, ya akiba
- Sindano ndefu na uzi imara wa katani au nailoni, mita 15

Kwa majani:

- Majani 130 yenye upana wa sm 6 hadi 9. Yatakayotumika ni kama 100, mengine yatapasuka au kujikunja
- Magazeti ya zamani na vitabu vizito
- Nta ya nyuki gramu 700, *au* gliserini ya mimea mililita 300
- Sufuria kuukuu yenye upana wa sm 16, na kubwa kuliko hiyo ya kutia maji
- Kipimajoto cha jikoni, vibanio vya nguo, karatasi ya kuokea

Sufuria ya nta haitarudi tena kwenye chakula. Duka lolote la mitumba la vyombo litakuwa nayo kwa bei ndogo, na ikiwa imebonyea si neno.

Kuhusu kanga: chagua ambayo kweli imekwisha kazi, na kama si yako, muulize mama au bibi kabla ya kushika mkasi. Kisutu cha harusi au kanga ya kumbukumbu ya marehemu haikatwi kwa ajili ya pambo la mlango. Ichovye ncha kwenye maji ya moto kisha uikandamize juu ya kitambaa cheupe. Ikitoa rangi, ifue kwanza hadi iache.

## Hatua ya 1: Kusanya majani

Nenda adhuhuri ya siku kavu, angalau siku mbili baada ya mvua. Jani lenye umande halionekani kuwa na maji, lakini likiingia kwenye nta maji hayo huizuia kushika.

Vermont, rangi hukolea kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba; kaskazini mwa Minnesota hutangulia kidogo. Ohio na majirani zake husubiri hadi nusu ya pili ya Oktoba. Usingoje miti ibaki uchi. Okota yaliyoanguka siku hiyo hiyo, au chuma yale ambayo ukiyagusa yanabanduka bila kuvutwa. Jani lililolala ardhini siku kadhaa limeshaanza kuoza upande wa chini, na madoa yake hujitokeza baada ya kuzibwa, wakati umeshapoteza kazi.

Aina mbili zinatosha. Mepo, mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, hukupa nyekundu na rangi ya chungwa. Mwaloni una jani gumu la hudhurungi, na kwa anayeanza ndio bora zaidi kwa sababu huvumilia makosa. Ukipata ginko, lile jani la njano lenye umbo la pepeo, changanya machache. Acha miti ambayo jani lake moja limegawanyika vijani vingi, kwa kuwa vijani hivyo hudondoka kimoja kimoja baadaye.

Kila jani liwe na kikonyo cha sm 2.5 au zaidi. Kikonyo ndicho kitakachofungwa na kushonwa. Jani zuri lisilo na kikonyo liache kwa watoto wachezee.

### Mmea usiopaswa kuuokota

Amerika ya Kaskazini kuna mtambaa ambao wenyeji huuita poison ivy. Huwa mwekundu mapema na kwa uzuri wa kuvutia, ndiyo maana huwaponza wageni. Utautambua kwa vijani vitatu katika kikonyo kimoja, cha katikati kikiwa na shina refu kuliko vya pembeni. Ukipanda mti, shina lake huwa na vimizizi vingi vinavyofanana na nywele.

Mafuta yake huunguza ngozi na kuleta malengelenge. Ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, kwa hiyo aliyewahi kubabuliwa na maji ya ganda la korosho anaijua kazi yake. Mafuta hayo hubaki kwenye nguo, glavu na mkasi, na kulitia jani nta hakuyaondoi. Ukigusa, osha ngozi mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha fua nguo. Usiuchome moto hata ukiwa mkavu: moshi wake hudhuru mapafu.

Okota uani kwako, kwa jirani aliyekuruhusu, au kandokando ya mtaa. Ndani ya hifadhi za taifa za Marekani kuondoka na mimea kwa kawaida ni marufuku, na bustani nyingi za umma zina sheria zake. Uliza.

## Hatua ya 2: Yakaushe nusu

Panga majani kati ya kurasa za gazeti, yasigusane, rundo lisizidi tabaka nane. Weka vitabu vizito juu. Badilisha magazeti baada ya saa 12, kisha kila siku. Kwa mepo siku mbili zinatosha, kwa mwaloni tatu.

Usiyakaushe hadi mwisho. Jani likiwa tayari hulala bapa, halina ubaridi ukiliweka shavuni, na ukilipinda kidogo linarudi bila kuvunjika. Likiwa baridi shavuni, bado lina maji. Likilia karara, limepita, litapukutika wakati wa kushona.

Anayetaka kutumia gliserini aruke hatua hii. Gliserini huingia vizuri kwenye jani bichi.

## Hatua ya 3: Amua, nta au gliserini?

Nta hulifunika jani kwa nje na kuzuia hewa na unyevu. Rangi hubaki karibu kama ulivyoiokota. Udhaifu wake ni joto: juani, nyuma ya kioo, jani hulegea na kuinama.

Gliserini huingia ndani ya jani na kukaa mahali pa maji, kwa hiyo jani hubaki laini kwa miezi. Joto haliliathiri sana. Lakini rangi hubadilika: nyekundu hukolea na kuwa ya damu ya mzee, njano huelekea kahawia. Tena gliserini huvuta unyevu wa hewani, na mahali penye mvua za mfululizo majani yanaweza kutoa jasho na kuota ukungu.

Shada la ndani ya nyumba, au la mlango unaofunguka kwenye ukumbi wa ghorofa, tumia nta. Mlango wa nje wenye kibaraza na jua la mchana, tumia gliserini. Mlango wa nje usio na kibaraza, unaopigwa na mvua moja kwa moja, hautafaa kwa njia yoyote kati ya hizi, maana hata pete ya kanga italowa.

## Hatua ya 4 (nta): Chovya

Tia maji kiasi cha sm 4 kwenye sufuria kubwa, weka ndogo ndani yake, na nta ndani ya hiyo ndogo. Washa moto mdogo. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 65 za Selsiasi. Wewe ifanyie kazi ikiwa kati ya 75 na 80 (Farenhaiti 167 hadi 176).

Kipimajoto si anasa. Nta ikipoa chini ya 70 hushika kwa unene na kuacha ukungu mweupe juu ya rangi. Ikizidi 90 hulipika jani na mepo nyekundu hugeuka kahawia mbele ya macho yako.

Hatari ya moto: usiiweke sufuria ya nta moja kwa moja juu ya jiko, na usitoke jikoni. Ikianza kutoa moshi, zima. Ikishika moto, funika kwa mfuniko; usimwagie maji hata kidogo, kwa kuwa maji huirusha nta inayowaka. Watoto wakae mbali.

Shika ncha ya kikonyo kwa kibanio cha nguo. Liingize jani kwa ubavu, lilaze, ligeuze, litoe. Yote kwa sekunde mbili au tatu. Likung'ute mara mbili juu ya sufuria, kisha lilaze kwenye karatasi ya kuokea. Acha sm 2 za kikonyo bila nta, kwa maana uzi huteleza kwenye nta.

Vipovu vidogo vichache si tatizo. Likitoa vipovu vingi mfululizo, jani lina maji: simamisha kazi na urudishe rundo lote kwenye magazeti kwa siku moja zaidi. Ukilazimisha, nta itabanduka kwa magamba ndani ya wiki.

Baada ya dakika tano jani sahihi lina mng'ao mwembamba, mishipa inaonekana wazi, na hakuna tone lililoganda nchani. Lenye tone lichovye tena kwa haraka na ulikung'ute vizuri.

Nta iliyobaki iache igande humo humo hadi mwaka ujao. Usiimwage kwenye sinki, itaziba bomba.

## Hatua ya 4 (gliserini): Loweka

Changanya gliserini mililita 300 na maji ya uvuguvugu mililita 600, ongeza matone matatu ya sabuni ya vyombo ili mchanganyiko ushike juu ya jani. Mimina kwenye trei ya kuokea ya sm 33 kwa 23. Panga majani, kisha weka trei nyingine juu yake iyazamishe. Jani linaloelea hupata mabaka.

Mepo huchukua siku tatu hadi nne, mwaloni hadi sita. Yamekuwa tayari yakiwa laini kama ngozi ya viatu na rangi imekolea sawasawa kote. Jani lenye kiraka kilichopauka katikati lirudishe. Yaliyo tayari yafute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, yapanguse, na uyaache juu ya gazeti siku mbili. Yakiendelea kunata, yafute tena.

Kuna wanaosimamisha matawi mazima kwenye ndoo ya gliserini, na wengi wao hulalamika kwamba majani yameanguka yote. Sababu ni hii: mti ukishageuza rangi, umeanza kujitenga na majani yake, pale kikonyo kinapoungana na tawi njia ya maji inazibwa. Tawi la namna hiyo haliwezi kunywa. Ukitaka matawi, yakate yangali kijani au yanapoanza tu kugeuka, pasua ncha za chini kwa nyundo, na uyaache kwenye mchanganyiko huo huo wiki mbili hadi tatu. Yatapata rangi ya shaba, si nyekundu.

## Hatua ya 5: Tengeneza pete

Kata vichwa vya hanga. Nyoosha waya wa kwanza kisha upinde kuwa duara lenye upana wa sm 32; sufuria ya upana huo ni kipimo kizuri. Waya mmoja haufiki, kwa hiyo unganisha wa pili na uuzungushe juu ya wa kwanza hadi umalizike. Pindia ncha zote ndani, zisitoboe kitambaa wala kidole.

Sasa kanga. Kabla ya yote, kata ukanda wenye jina, ule wa maneno, kwa urefu wote, uuweke kando. Huo utakuwa kamba ya kutundikia. Kata pia vipande vinne vya upana wa sm 5 kwa urefu wa kanga. Kanga iliyobaki irarue vipande vipana vya sm 10 na uvizungushe kwenye waya bila kukaza sana, mpaka pete iwe na unene wa sm 3. Pakipungua, ongeza fulana.

Malizia kwa vile vipande vya sm 5, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Vitatu kwa kawaida vinatosha. Shona mwanzo na mwisho wa kila kipande.

Kaza vizuri tabaka hili la mwisho. Lisugue kwa kiganja: likizunguka juu ya pete, kila kishada cha majani utakachoshonea hapo kitageukia nyuma kwa uzito wake. Lifungue urudie.

## Hatua ya 6: Shona majani

Fanya kazi kwenye chumba chenye joto la kawaida. Jani la nta kwenye baridi hupasuka.

1. Chukua majani manne, panua kama vidole vya mkono, vikonyo vikutane. Zungusha uzi mara tatu kwenye vikonyo na ufunge fundo. Hiki ni kishada kimoja. Tengeneza 25.
2. Laza kishada cha kwanza kwenye pete kikielekea upande wa saa. Pitisha sindano ndani ya tabaka la kanga tu, si kwenye waya, uruke juu ya vikonyo, urudi. Mishono miwili, fundo, kata.
3. Kishada cha pili kiwekwe sm 4 nyuma ya cha kwanza, majani yake yafunike mishono. Endelea hivyo, kila mara ukielekeza kimoja kidogo ndani ya pete na kinachofuata kidogo nje. Vyote vikielekezwa katikati, shada huonekana jembamba kama kamba.
4. Kishada cha mwisho ndicho kigumu. Inua majani ya kile cha kwanza, sukuma vikonyo chini yake, shona hapo, kisha yarudishe yalale.

Hesabu rangi kabla ya kushona. Gawa vishada vyako katika mafungu ya rangi na uvichanganye mezani kwanza. Ukichukua bila mpango utajikuta upande mmoja umejaa nyekundu na mwingine kahawia tupu.

Ukimaliza, liinue na ulitikise taratibu. Jani moja au mawili yakianguka si kitu. Kikianguka kishada kizima, fundo lako halikushika vikonyo, na jirani zake yakague pia. Penye upenyo, shonea jani moja moja. Kanga ikichungulia sehemu chache, acha: rangi zake zinastahili kuonekana.

## Hatua ya 7: Tundika

Ukunje ukanda wa jina kwa upana, maneno yatazame nje. Upitishe chini ya pete, peleka ncha zote mbili juu ya mlango hadi upande wa ndani, na uzibane kwa pini mbili kwenye ukingo wa juu. Mwenye nyumba hatakudai tundu lolote upande wa mbele, na kitambaa ni chembamba, mlango utafunga.

Nyumba nyingi zina mlango wa pili wa kioo kwa nje. Jua likipiga hapo, nafasi kati ya milango miwili hupata joto kali hata siku ya baridi. Shada la nta likikaa humo litainama jioni ya kwanza.

## Kama nguvu zimebaki: sinia la shaba mezani

Tafuta sinia la kale kwenye maduka ya mitumba, ujaze koni za msonobari, kokwa za mwaloni na majani yaliyobaki. Beba sumaku ndogo: ikinasa, hilo ni bati lililopakwa rangi ya shaba.

Lisafishe kwa ukwaju uliolowekwa, au ndimu na chumvi. Sugua dakika tano, suuza, kausha hapo hapo. Kama ni shaba ya njano, yenye zinki ndani yake, asidi ikiachwa muda mrefu hula zinki iliyo juu na sinia huota wekundu. Sinia lenye nakshi za zamani na weusi uliotulia kwenye michirizi ni bora ulifute tu. Usiwekee chakula, maana shaba ya kale inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Vilevile, kitu chochote cha kale chenye rangi ya mafuta inayobanduka usikipige msasa: Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka 1978, na vya kabla ya hapo huenda vinayo.

Koni na kokwa zioke kwanza, juu ya foili, kwa nyuzi 200 za Farenhaiti (93 za Selsiasi): koni dakika 30, kokwa saa moja, ukizigeuza mara kwa mara. Ndani ya kokwa nyingi kuna funza, nao usipowaua watatoka mezani mbele ya wageni. Zikae ndani ya nyumba. Nje, kindi watazimaliza.

Usiwashe mshumaa karibu na majani ya nta. Tumia taa za betri.

## Kuhifadhi

Majani hayavuki mwaka kwa uzuri ule ule. Mwisho wa msimu kata nyuzi, ondoa vishada, anika pete juani siku moja, kisha iweke kwenye boksi pamoja na ukanda wa jina. Ukitaka kulitunza shada zima, lilaze bapa kati ya magazeti mahali penye ubaridi. Usilipeleke darini, kwa kuwa joto la Julai huko juu litayayeyusha majani yote yawe bonge moja.